Afya ya Mbwa wa Kufuata Nyayo

Polisi wa Kenya walianzisha kikosi cha mbwa mwaka 1948. Pua ya mbwa hufuata njia ya mwizi pale macho ya mtu yashindwapo, lakini pua haina kazi mwili ukiwa mgonjwa. Basi kila amwongozaye mbwa, kuanzia Free Area hapa Nakuru hadi nyika za Bonde la Ufa, na ayashike mambo manne.

Kwanza, joto. Mbwa hatoi jasho kama mtu. Hujipoza kwa kuhema, na ahemaye sana hanusi vema. Joto lake la kawaida ni digrii 38 hadi 39 za Sentigredi. Likipita 41 yumo hatarini kufa. Yafaa aanze kazi alfajiri, kungali na umande. Akipepesuka, acha msako mara moja: mweke kivulini, mmwagie maji, kisha umpeleke kwa daktari wa mifugo. Usione haya. Mwizi aweza kukamatwa kesho. Mbwa aliyekufa harudi.

Pili, maji. Chukua ya kutosha na umpe kidogo kidogo. Ziwa Nakuru lina magadi. Maji yake hayafai kunywewa.

Tatu, kupe. Kila jioni mpapase masikioni, kwapani na kati ya vidole. Kupe huleta homa iharibuyo damu. Ng'oa na miiba pia.

Nne, achanjwe kila mwaka kuzuia kichaa cha mbwa.

Mbwa hawezi kusema, "Nimechoka." Ni wajibu wa mwongozaji kumsemea.