Mlemavu akifa kituoni, tuulize nini?

Mlemavu akifia katika kituo cha matunzo, mara nyingi jamaa huambiwa: "Ni kifo cha kawaida." Pengine ni kweli. Lakini njaa, kiu, baridi na kukosa dawa navyo huua, tena bila kuacha jeraha.

Mwaka 2016, jimbo la Gauteng, Afrika ya Kusini, liliwahamisha wagonjwa wa akili zaidi ya 1,000 kutoka vituo vya Life Esidimeni. Wengi walipelekwa katika nyumba zisizokuwa tayari kuwatunza. Vyeti vya baadhi ya waliokufa viliandikwa kifo cha kawaida. Familia hazikunyamaza. Uchunguzi ulipofanyika, ilijulikana kuwa waliokufa ni 144, na kwamba walikuwemo waliokosa chakula, maji na matunzo.

Kwa hiyo, kabla ya mazishi uliza:

1. Alikula na kunywa lini mara ya mwisho?
2. Je, alikonda? Ana vidonda vya kulala muda mrefu?
3. Dawa zake alipewa?
4. Alianza kuugua lini, na mganga aliitwa saa ngapi?

Andika majibu pamoja na tarehe. Kuuliza si kumshtaki mtu. Ni kuwalinda wale waliobaki kituoni.