Wiki za mwisho za S3: mambo ya kukamilisha kabla ya mtihani wa taifa

Zamani mwaka wa masomo nchini Rwanda ulianza Januari na kuisha Novemba. Korona ilipofunga shule Machi 2020, kalenda ilivurugika, na sasa mwaka huanza Septemba na kumalizika Julai. Kwa familia za Rwimbogo, wilayani Rusizi, zenye mashamba ya mpunga katika bonde la Bugarama, mtihani wa taifa wa S3 (mwaka wa tatu wa sekondari), unaofanywa mwishoni mwa mwaka wa masomo, unaangukia msimu wa mavuno. Mtoto anayeshinda shambani akifukuza ndege hurudi nyumbani amechoka, na daftari halifunguliwi. Mpangieni mapema kazi atakazofanya na zile atakazoachiwa mtu mwingine.

Hakikisheni jina

Mtihani huandaliwa na NESA, mamlaka ya taifa ya mitihani na ukaguzi wa shule iliyoundwa mwaka 2020. Omba shuleni uone jinsi mwanao alivyoandikishwa, kisha ulinganishe na cheti chake cha kuzaliwa herufi kwa herufi: majina yote, tarehe ya kuzaliwa, jinsia. Angalia hasa R na L, maana hubadilishana kwa urahisi. Kosa dogo likishaingia kwenye cheti cha shule, kulisahihisha ni safari nyingi za ofisini.

Uchaguzi ujadiliwe nyumbani

Alama za S3 pamoja na machaguo ya mwanafunzi ndizo hutumika kumpangia shule. Anaweza kuendelea na elimu ya jumla, kujiunga na shule ya ufundi au kwenda chuo cha ualimu. Asichague kwa kumfuata rafiki. Mwulize ni masomo gani anayafanya vizuri bila kusukumwa, na ripoti zake za mihula iliyopita zitathibitisha.

Gharama nazo zisemwe wazi. Mwongozo wa serikali wa 2022 uliweka mchango wa mzazi katika sekondari za umma kuwa faranga 19,500 kwa muhula kwa wanafunzi wa kutwa, na 85,000 kwa wa bweni. Kwa mihula mitatu ni 58,500 dhidi ya 255,000, kabla ya godoro, sare na nauli. Ulizeni shuleni kiwango cha sasa kabla ya kuamua.

Kurudia masomo kwa akili

Huu si wakati wa kuanza mada mpya. Tafuteni mitihani ya miaka iliyopita, mwanafunzi aifanye akiwa na saa mezani.

Tangu 2009 masomo ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali nyumbani watu huzungumza Kinyarwanda, na wengi Rusizi Kiswahili pia. Lugha hizo zitumike: asome swali, amweleze mwenzake kwa lugha anayoimudu, kisha afunge kitabu na kuandika jibu kwa Kiingereza. Akishindwa kueleza, hajaelewa bado. Akieleza vizuri lakini kalamu ikakwama, tatizo lake ni msamiati, na mwalimu wa somo atamsaidia.

Azoee pia kutazama swali linataka nini. Swali la biolojia likisema alinganishe ateri na vena, aya nzuri juu ya ateri peke yake haitampa alama zote. Anatakiwa kuziweka pamoja: unene wa kuta, mwelekeo wa damu, kuwepo kwa vali.

Siku za mtihani

Kituo cha mtihani huenda kikawa shule nyingine. Siku chache kabla, mtoto aende huko kwa miguu na kupima muda wa safari. Jioni aandae kalamu, rula na vifaa vya hisabati, kisha alale mapema. Kukesha hula nguvu za kesho. Asubuhi apate uji au chakula kingine cha kumshibisha. Simu ibaki nyumbani.

Baada ya mtihani

Matokeo hutangazwa wiki kadhaa baadaye. Ya mwaka 2025 yalitoka 19 Agosti. Ili kuyaona, mwanafunzi anahitaji namba yake ya mtihani, basi iandikeni kwenye daftari la nyumbani na kwenye simu ya mzazi. Alama zikikutia shaka, au shule aliyopangiwa ikiwa na tatizo la kweli, nenda haraka kwa mkuu wa shule akueleze utaratibu wa kukata rufaa, kwa kuwa muda wake huwa mfupi.