Gari Langu Kutoka Mwanza Hadi Miteja: Mafunzo Sita Niliyopata

Mwaka 2024, baada ya miaka mingi ya kazi Mwanza, niliamua kurudi nyumbani Miteja, pwani ya Kilwa. Nilitaka gari langu, Probox, lifike mapema ili liwahi msimu wa ufuta. Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100, na kutoka Dar kuja kwetu unaongeza zaidi ya 200. Makabidhiano ya ofisi yalinibana, nikashindwa kuliendesha mwenyewe. Gari lilifika, lakini baada ya kunifunza mambo ambayo natamani ningeyajua kabla sijautoa ufunguo.

1. Kabidhi mchana, na kwa picha

Lori lililoshusha mzigo Mwanza lilikuwa linarudi Dar tupu, na lori la namna hiyo hubeba gari kwa bei nafuu. Nilikabidhi jioni, giza likiingia, nikapiga picha mbili za mbele tu. Shemeji yangu alipolipokea gari Mbagala Rangi Tatu, kioo cha pembeni cha kushoto kilikuwa na ufa, tairi la akiba na jeki havipo. Aliyelibeba alisema alilipakia likiwa hivyo hivyo, nami sikuwa na cha kumwonyesha.

Piga picha pande zote nne. Piga dashibodi, ili kilomita na mafuta vionekane. Fungua buti upige tairi la akiba, fungua boneti upige betri. Kisha andikeni karatasi moja, mtie saini wote wawili, kila mmoja abaki na nakala. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

2. Gari lisafiri tupu

Nilijaza sufuria, mablanketi na cherehani ya mke wangu, nikiona naokoa nauli ya mzigo. Vitu hivyo havikuandikwa popote. Cherehani haikufika, na sikuwa na haki ya kuidai. Vyombo vipeleke kwa basi au kwa lori la mizigo, ukiwa na risiti yake.

3. Jua bima yako inalinda nini

Nilikuwa na bima ndogo. Hiyo humlipa mtu wa tatu, yaani yule ambaye gari lako limemdhuru. Gari lako lenyewe likiumia, hupati kitu. Kwa safari ndefu iliyo mikononi mwa wengine, afadhali bima kubwa. Na kabla ya kulipa, muulize mwenye lori kama ana bima ya mzigo anaoubeba, uione karatasi yake kwa macho.

4. Dereva mzuri hukagua gari kabla ya kutaja bei

Kutoka Dar kuja Miteja nilimkodi dereva aliyepeleka magari ya IT, yaani yanayopita kwenda nchi jirani, hadi Tunduma kwa miaka mingi. Alifungua boneti, akapima oili na maji, akakagua breki na taa. Alipoona hakuna tairi la akiba, alikataa kuondoka mpaka linunuliwe. Siku ile niliona ananichelewesha. Leo namshukuru.

5. Lipa nusu, nusu ibaki mpaka gari lifike

Fedha ya mafuta itenge na ujira, na mafuta yarudi na risiti. Kabla ya kumalizia malipo, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi uone kama kuna deni la trafiki. Njia yetu hii ina vijiji vingi vyenye kibao cha 50, na kila kosa ni shilingi 30,000. Deni linakaa kwenye gari lako, dereva akishaondoka ni juu yako.

6. Njia ya kusini ina msimu wake

Wazee wetu wa Kilwa walisafirisha mali kwa kalenda ya upepo. Kaskazi ilileta majahazi ya Arabuni, kusi ikayarudisha. Mwenye haraka aliungoja upepo kama wengine. Mimi nilidhani lami imeifuta kalenda hiyo. Mjomba wangu, anayekumbuka magari yakisubiri kivuko cha Ndundu kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, alinishauri ningoje masika yaishe. Sikumsikiliza. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwishatangaza Kimbunga Hidaya, bado niliruhusu gari litoke Dar asubuhi ya Jumamosi, tarehe 4 Mei. Mvua na upepo vilipozidi, dereva alisimama Kibiti kwa akili yake mwenyewe. Kesho yake mjomba akanipigia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Gari limefika wapi?"

"Kibiti."

"Mwambie dereva asitoke hapo. Barabara imekatika Somanga. Maji yamebeba lami pamoja na tuta lake, mabasi yamesimama ng'ambo zote mbili."

Ilikatika sehemu zaidi ya moja, Mikereng'ende nako kukiwemo. Aliyetaka kufika Lindi au Mtwara kwa gari ilimbidi azungukie Songea na Masasi. Dereva wangu alilaza gari kwenye ua wa gesti yenye mlinzi, na kila asubuhi alinitumia picha ya gari na ya dashibodi. Kilomita hazikuongezeka hata moja mpaka njia ilipofunguliwa. Masika ya 2025 barabara ilikatika tena Somanga. Kwa hiyo kuanzia Machi hadi Mei, piga simu kwanza kwa mtu anayeishi kando ya barabara. Ukiweza kungoja kiangazi, ngoja.

Probox iliingia Miteja ikiwa na tope hadi madirishani, dereva akashuka na bahasha ya risiti mkononi. Tulizihesabu pamoja kibarazani kwa mjomba, nikammalizia ujira wake na nauli ya kurudi. Hasara yangu yote ilitokea mahali ambapo sikuandika, na nusura yangu ilitoka kwa watu wawili waliojua kusubiri, dereva na mjomba. Ndugu msomaji, ukitaka kusafirisha gari, anza na karatasi, kisha muulize mwenyeji wa njia hiyo, na akikwambia subiri, msikilize.