Barbie wa 1966: Je, Muuzaji Anyamaze?



Ndugu zangu wanafunzi, somo letu la fiqhi ya biashara safari hii limetokana na swali la dada mmoja wa hapa Bwiza. Shangazi yake anayeishi Ubelgiji alimwachia wanasesere kumi na wawili, wengi wao Barbie, baadhi wakiwa bado ndani ya maboksi yao. Ada ya chuo ilikuwa haijatimia. Akawapiga picha, akaziweka kwenye kundi la WhatsApp, na chini ya mmoja wao akaandika kuwa ni Barbie wa mwaka 1966. Baba mmoja wa Dar es Salaam, anayemnunulia binti yake wanasesere wa zamani, akakubali kutoa faranga 400,000.

Kabla pesa haijatumwa, dada akagundua jambo. Ile 1966 iliyochapwa mgongoni ni mwaka wa haki miliki ya umbo la mwili. Kampuni ya Mattel iliendelea kuichapa kwenye wanasesere waliotengenezwa hata miaka ya 1990. Akatuuliza: "Mnunuzi ameona picha na ameridhika na bei. Je, ninyamaze?"

Tulitazame suala hili hatua kwa hatua.

1. Je, wanasesere wanauzika?

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Bi Aisha (r.a.) alikuwa akicheza na wanasesere, na Mtume (s.a.w.) hakumkataza, bali aliwaacha wasichana wenzake waje kucheza naye. Kwa hadithi hii wanazuoni wengi wametoa vichezeo vya watoto katika katazo la masanamu. Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, amenukuu kwamba wanazuoni wameruhusu kuwauza na kuwanunua, ingawa imepokewa kuwa Imam Malik alichukia kuwanunua.

Ruhusa hiyo msingi wake ni mchezo wa watoto. Kuwapanga kabatini kama mapambo ni suala jingine. Ukijua kuwa mnunuzi anataka pambo, muulize sheikh wako kabla ya kuuza, usijifutu mwenyewe.

2. Je, bei kubwa ni dhambi?

Hapana. Bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume (s.a.w.) awapangie bei, naye akakataa. Na Urwa al-Bariqi (r.a.) alipewa dinari moja anunue kondoo. Akanunua wawili, akauza mmoja kwa dinari moja, akarudi na kondoo na dinari. Mtume (s.a.w.) akamwombea baraka katika biashara yake. Basi faida haina kikomo kilichowekwa, maadamu hakuna udanganyifu.

Lakini bei ya haki inahitaji kujua soko. Wengi wetu tunafungua mtandao, tunaona mtu anataka dola 500, tunadhani hiyo ndiyo thamani. Bei inayotakwa siyo bei iliyouzwa. Tafuta waliouza kweli walipata ngapi, kisha linganisha: boksi limefunguliwa? Nywele zimekatwa? Nguo na viatu ni vyake vya asili?

Kwa upande wa mnunuzi nako kuna adabu. Mtume (s.a.w.) alikataza kuwapokea wenye misafara njiani na kununua mali yao kabla hawajajua bei ya sokoni. Anayemwendea mama wa jirani asiyejua thamani ya kitu chake, akamnunulia kwa bei ya kutupa, ajipime kwa katazo hilo.

3. Je, picha inatosha?

Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli yenye nguvu haisihishi kuuza kitu maalumu ambacho mnunuzi hajakiona. Mahanafi wamekubali, na mnunuzi ana hiari akishakiona. Wamaliki na Mahanbali wamekubali kwa maelezo, na kikija tofauti na sifa zake mnunuzi ana haki ya kukirudisha. Wengi wetu tunaouza kwa simu tunategemea kauli hizi, kwa hiyo tutimize sharti lake: maelezo kamili, na picha za pande zote, pamoja na upande wenye kasoro.

Imam Muslim amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani ya rundo la chakula sokoni, akakuta chini kumelowa. Akamuuliza mwenyewe kwa nini hakukiweka kilicholowa juu watu wakione, kisha akakemea vikali udanganyifu. Mtu yule hakusema uongo hata neno moja. Kosa lake lilikuwa mpangilio wa rundo. Picha zetu nazo ni rundo: tunachagua upande mkavu.

4. Najashi ya kwenye simu

Baadhi yetu huwaomba marafiki waandike kundini kwamba wao watatoa zaidi, ili mnunuzi apandishe. Hiyo ndiyo najashi aliyoikataza Mtume (s.a.w.), hata ikifanywa kwa mzaha.

Jawabu

Dada yetu alipoandika 1966 alikuwa hajui, na kukosea si kudanganya. Lakini tangu alipojua, kunyamaza kungekuwa kuficha. Hakim bin Hizam (r.a.) amepokea kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa, na wakificha na kusema uongo baraka hufutwa.

Alimwandikia mnunuzi usiku uleule. Yule baba alishukuru, akashusha bei hadi faranga 90,000, na dada akakubali. Ada bado ina pengo, na wanasesere kumi na mmoja bado wanatafuta wateja. Tangazo lake jipya lina picha ya mgongo, na maelezo ya namba ile inamaanisha nini.

Maswali ya kujadili katika halaka:

- Kama mnunuzi angekuwa ameshapokea mzigo, dada angewajibika kufanya nini?
- Ni kasoro gani umewahi kuificha kwenye picha, na mwenye haki yake bado unaweza kumpata?

Wallahu a'lam.