Dau la Farasi Lina Faida?

Swali: Huwa naweka dau dogo kwenye mbio za farasi. Kuna watu wa kawaida wanaopata faida kweli?

Jibu: Wapo, ndugu yangu, ila ni wachache mno. Kwenye mbio nyingi madau yote hukusanywa pamoja, mwendeshaji hukata chake, kinachobaki hugawiwa washindi. Hong Kong hukata asilimia 17.5 kwa dau la farasi mshindi. Marekani, ukibashiri farasi kadhaa kwa mpangilio, makato yanaweza kufika asilimia 25. Wapinzani wako ni wachezaji wenzako, na kuwazidi kidogo hakutoshi kufidia makato hayo. Mcheza dau Bill Benter alitajirika Hong Kong, lakini kwa programu ya kompyuta na takwimu nyingi mno. Ile ilikuwa kazi ya kutwa. Wewe, ili ujue kama unapata faida, andika kila dau daftarini, hasa madau yaliyopotea, maana hayo ndiyo husahaulika upesi.