Kukamatwa si kuhukumiwa

Katika darsa la watu wazima ninalosomesha baada ya Sala ya Isha tulikuwa tukipitia Suratul Hujurat. Tulipofika aya ya 12, inayokataza kudhaniana vibaya, kupelelezana na kusengenyana, mzee mmoja akauliza swali ambalo sikulitarajia. Mtoto wa dada yake anaishi Marekani. Alikamatwa katika ugomvi usiomhusu, akalala mahabusu usiku mmoja, kisha mwendesha mashitaka akaifuta kesi. Lakini kila kijana huyo anapoomba kazi au chumba cha kupanga, jina lake likitafutwa kwenye intaneti hutokea picha aliyopigwa kituoni. "Ustadhi," akasema mzee, "wanamwachiaje mtu na bado wamemshika?"

Ndugu msomaji, wengi wetu tuna jamaa huko, na wengi wao hawaujui utaratibu wenyewe. Basi nitalijibu swali la mzee kwa kirefu kidogo.

Katika majimbo mengi ya Marekani, mtu akikamatwa, jina lake, tuhuma yake na mara nyingi picha yake huingia kwenye kumbukumbu ambazo mwananchi yeyote anaweza kuziomba au kuzisoma. Mahakama nazo huorodhesha kesi kwa uwazi. Makampuni huzinakili kumbukumbu hizo na kuwauzia waajiri na wenye nyumba. Wako waliothubutu hata kuzitundika picha za watu kwenye tovuti, kisha wakawadai fedha ili waziondoe. California ilipitisha sheria ya kuipiga marufuku biashara hiyo mwaka 2014, na mwaka 2018 Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo akawafungulia mashitaka watu wanne aliodai kuwa ndio wamiliki wa tovuti moja ya namna hiyo.

Kabla ya intaneti mambo hayakuwa mema sana. Mwaka 1972 polisi wa Louisville, Kentucky, waliwagawia wenye maduka kiasi cha 800 karatasi zenye majina na picha za watu walioitwa wezi wa madukani. Miongoni mwao alikuwamo mpiga picha wa gazeti moja, aliyekamatwa mwaka 1971, akakana shitaka, na hakuwa amehukumiwa. Muda mfupi baada ya karatasi hizo kusambazwa, shitaka lake likafutwa. Aliwashitaki wakuu wa polisi, na kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1976 majaji walio wengi wakasema kwamba kuharibiwa jina peke yake si jambo linalolindwa na Katiba yao. Yaani mtu huyo hakuwa na hatia, na bado hakuwa na dai.

Mwaka huohuo wa 1976 jimbo la New York lilishika njia nyingine. Sheria yake inaelekeza kwamba kesi ikimalizika kwa faida ya mshitakiwa, kumbukumbu zifungwe, na picha na alama za vidole ziharibiwe au arudishiwe mwenyewe. Hapa msomaji atofautishe mambo mawili. Kufunga kumbukumbu maana yake jalada lipo, ila umma hauruhusiwi kulifungua, ingawa polisi na baadhi ya idara za serikali huweza kuliona. Kufuta ni zaidi ya hapo: jalada huharibiwa, au sheria hulihesabu kana kwamba halikuwahi kuwapo. Kila jimbo lina maneno yake na masharti yake. Mahali pengi mhusika mwenyewe ndiye anayepaswa kupeleka maombi mahakamani, na pengine alipe ada, atoe alama za vidole na kusubiri. California, tangu mwanzoni mwa 2018, inamruhusu aliyekamatwa bila kuhukumiwa kuomba kumbukumbu zifungwe. Pennsylvania ilikwenda mbele zaidi kwa sheria ya mwaka 2018: kesi zisizoishia kwenye hatia hufungwa na kompyuta zenyewe, bila mtu kuomba. Naiona hiyo ndiyo njia ya uadilifu, maana kwa nini mtu asiye na kosa agharimie kusafishwa?

Hata hivyo amri ya mahakama haiyafikii yote. Nakala zilizokwishauzwa hubaki kwa makampuni mpaka mhusika ayaandikie na kuyatumia amri hiyo. Iko pia sheria ya taifa inayoyazuia makampuni ya kuchunguza historia za watu kutoa habari ya kukamatwa iliyozidi miaka saba, lakini kwa kazi zenye mshahara wa dola 75,000 au zaidi kwa mwaka kizuizi hicho hakifanyi kazi. Na kwa ndugu zetu wahamiaji lipo jambo zito kuliko yote. Fomu ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kukamatwa, na inataka ulitaje tukio hata kama kumbukumbu zimefungwa au kufutwa. Kijana anayeambiwa "limekwisha hilo" akaandika hapana, anaweza kujiingiza kwenye tatizo la kusema uongo ambalo ni kubwa kuliko ugomvi wenyewe.

Sasa tuje kwenye dini. Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) alimzuia mtu mmoja kwa tuhuma, na Tirmidhi akaongeza kuwa kisha alimwachia. Wanazuoni wameitumia hadithi hii kuonesha kwamba kumzuia mtuhumiwa kwa ajili ya uchunguzi kunajuzu. Mimi humuomba mwanafunzi aangalie pia kile ambacho hakimo: riwaya hiyo haimtaji mtu huyo jina. Hukumu ya kisheria imetufikia, aibu ya mtu haikutufikia. Na katika kisa cha Maiz, aliyekuja mwenyewe kukiri zinaa, Mtume (s.a.w.) alimgeuzia uso mara kadhaa, na baadaye akamwambia Hazzal, aliyemshauri aende, kwamba lingekuwa bora kwake lau angemsitiri kwa nguo yake. Ikiwa aliyekiri alitakiwa kusitiriwa, vipi asiyethibitishiwa lolote?

Lakini tusiikimbilie siri kwa pupa. Uwazi wa kukamatwa una faida moja kubwa: mtu hapotei mikononi mwa dola. Baada ya Septemba 2001 Marekani iliwashikilia mamia ya wageni, wengi wao Waislamu. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Sheria ya Juni 2003 iliwahusu watu 762 walioshikiliwa kwa makosa ya uhamiaji. Serikali ilikataa kutoa majina yao, na miongoni mwa hoja zake ilikuwamo faragha ya mahabusu hao hao! Jaji mmoja aliamuru mwaka 2002 majina yatolewe, ila mahakama ya rufaa ikaitengua amri hiyo mwaka 2003. Sitara ya namna hiyo ilimfaa mfungaji, si mfungwa. Kwa hiyo nasema jina liwe wazi wakati mtu yuko ndani, ili jamaa na mawakili wamfikie, na lifungwe pale kesi inapokufa, kwa faida yake na kwa ridhaa yake.

Mwenye duka atasema anayo haki ya kumjua anayemkabidhi sanduku la fedha. Kweli, na sheria yetu inaruhusu kumtahadharisha mtu anayetaka ushauri. Fatima binti Qays alipomshauri Mtume (s.a.w.) kuhusu waliomposa, alimweleza hali zao. Lakini alimweleza yanayojulikana. Tuhuma iliyofutwa haijulishi kitu, isipokuwa kwamba polisi walimshika mtu siku fulani.

Mzee nilimwambia amwandikie mpwa wake mambo mawili. Amtafute wakili au kituo cha msaada wa sheria katika jimbo analoishi, asitegemee ushauri wa marafiki wa jimbo jingine. Na kabla ya kuomba faili lifungwe, achukue mahakamani nakala kadhaa za uamuzi zenye mhuri, kwani likishafungwa kuzipata ni kazi, na idara ya uhamiaji itamdai.