Nati Iliyogoma: Mafunzo Niliyopata Chini ya Gari

Mwenye gari Kibondo hujifunza kushika spana, apende asipende. Barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260 zilizopangiwa lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, imetupunguzia mateso, lakini safari zetu haziishii kwenye lami. Ukienda Mabamba karibu na mpaka wa Burundi, au ukikata kuelekea Heru Juu upande wa Kasulu, unakutana na udongo mwekundu: kiangazi vumbi, masika tope. Huko ndiko shokapu zinakofia. Kubadilisha shokapu si kazi kubwa. Kubwa ni nati ya chini ikigoma. Niliyoyaandika hapa nilifundishwa na nati ya namba 17 kwenye shokapu ya nyuma, kona zake zote sita zimelika, na bolti yake ni sehemu ya ekseli, yaani ikikatika hakuna ya kuchomoa na kuweka nyingine.

1. Jua kwanza kilichoikamata

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ikishajaa kati ya uzi wa bolti na uzi wa nati, vyuma viwili vinabanana kwa nguvu ambayo hakuna fundi aliyeikaza. Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani, na yaliyotumika mikoa ya theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, hushuka Dar es Salaam chini kumeshaanza kuliwa. Yakija huku yakapakia chumvi ya Uvinza au samaki wabichi wa Kigoma, hali inazidi. Juu ya kutu linakuja tope letu, ambalo likikauka linakuwa kama saruji.

Kwa hiyo kazi inaanza na brashi ya waya. Piga uzi ule unaochungulia nje ya nati mpaka ung'ae. Hiyo ndiyo njia ambayo nati itapita ikianza kutoka, na uchafu ukibaki pale itakwama mara ya pili, safari hii ikiwa imeshapata moto wa msuguano.

2. Kona huliwa na spana

Kutu inashika, lakini anayekula kona ni spana isiyokaa sawa. Spana mdomo inagusa pande mbili tu kati ya sita, na mdomo wake ukishapanuka kidogo inateleza na kuchukua chuma. Soketi ya kona kumi na mbili inakandamiza karibu kabisa na ncha za kona, mahali penye chuma kidogo. Soketi ya kona sita inashika ubavu wa nati, penye nyama. Kwenye nati yangu mikwaruzo ya spana mdomo ilionekana wazi, mipya na ya zamani, upande uleule. Walioifungua na kuifunga kabla yangu walikuwa na haraka.

Ushauri wangu kwa mwenye fedha kidogo: acha lile boksi kubwa la spana hamsini za bei ya kutupa. Nunua soketi nzuri za kona sita, namba 10, 12, 14, 17 na 19, na ya 21 kwa nati za tairi. Kwa Toyota umemaliza sehemu kubwa ya gari.

3. Ipe usiku

Nilimpigia simu mzee mmoja wa Kasulu ambaye ametengeneza magari tangu enzi za Land Rover.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeshaipa mafuta?"

Nikamwambia nimeipa, asubuhi ile.

"Basi funika gari ukalale. Kesho igonge kidogo, uipe tena."

Nilimsikiliza. Mafuta membamba ya kulainisha kutu yanapenya yenyewe kwenye upenyo usioonekana, ila yanapenya polepole, na mtu anayepulizia kisha akavuta papo hapo amelowesha nje tu. Kugonga kunasaidia kuliko watu wanavyodhani: nyundo ndogo, mapigo mengi mepesi ubavuni mwa nati, huku ubavu wa pili umeegemezwa nyundo nzito. Mtikisiko unapasua kutu, mafuta yanapata mlango. Usigonge ncha ya bolti. Ukiivimbisha, nati haitapita kamwe.

4. Moto una mahali pake

Ukiipasha nati, inatanuka, tundu lake linaongezeka, na kutu inapasuka. Ndiyo maana moto unaelekezwa kwenye nati, bolti ibaki baridi kadiri inavyowezekana. Wilaya zetu ni za asali, na nta ya nyuki haipatikani kwa shida. Nati ikishapata moto, gusisha nta pale inapokutana na bolti. Inayeyuka na kunywewa ndani. Nimeona ikifanya kazi vizuri kwenye bolti za ekzosi.

Kwenye shokapu nilikataa, na ningekataa tena. Ndani mna mafuta, na nyingi zina gesi iliyoshindiliwa. Katikati kuna bushi ya mpira. Na bomba la breki linapita jirani. Anayekuja na moto hapo mwambie asante, arudi nao.

5. Kona zikiisha, tafuta pengine pa kushika

Nati ya 17 iliyolika huwa imepungua, na soketi ya 16 ya kona sita, ikigongewa kwa nyundo, inaweza kujichongea kona mpya. Kama huna 16, tafuta ya inchi: 5/8 ni milimita 15.9. Igonge mpaka sauti ibadilike. Mwanzoni nyundo inarudisha mlio mwepesi. Soketi ikishakaa, mlio unakuwa mzito na mfupi, na mkono unahisi. Kisha weka mkono mrefu wa soketi, vuta taratibu, usishtue.

Yangu ilitoa mlio mkali, nikadhani bolti imekatika. Nikatazama: vumbi jekundu limemwagika pale kwenye uzi, na nati imesogea upana wa ukucha. Hapo usishangilie ukaendelea kuvuta. Rudisha kidogo, weka mafuta, fungua kidogo, rudisha tena. Nilikwenda hivyo mpaka ikalegea kwa vidole.

Ingekataa, zilibaki njia mbili. Tindo kali, kupasua nati ubavuni bila kugusa uzi wa bolti. Au kuchomelea nati kubwa juu ya ile iliyolika, shokapu ikiwa imeshakatwa na kuondolewa pale, na waya wa hasi wa betri umetolewa. Tangu gridi ya taifa ifike wilaya hizi mwaka 2022, fundi wa kuchomelea hasubiri tena jenereta.

6. Jeki si ya kulalia

Hii siirefushi. Gari lisimame kwenye stendi za chuma au magogo mazito. Tofali hupasuka bila kuaga, na unapovuta nati iliyogoma unalitikisa gari zima.

7. Nati mpya kwanza, kazi baadaye

Usianze kabla hujashika nati na washa mpya mkononi. Kutoka Kibondo hadi Kasulu ni zaidi ya kilomita 100, na gari lako ndilo liko juu ya magogo. Nenda dukani na vipimo vya unene na uzi, kwani nati mbili za spana moja zinaweza kuwa na uzi tofauti, na ya uzi usiofanana utaiingiza kwa nguvu na kuharibu bolti uliyoihangaikia.

Pitisha brashi kwenye uzi, paka grisi kidogo, anza kwa vidole. Halafu shusha gari chini kabla ya kukaza mwisho. Bushi ikikazwa tairi likining'inia, mpira unajikunja gari likikaa, na kwa barabara ya Mabamba hautachelewa kuchanika.